Uchaguzi wa Vipengele vya Kichakataji katika Ujenzi wa Kerneli: Makosa Yenye Kelele na Makosa ya Kimya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vipengele vinavyohusu kichakataji vinavyochaguliwa wakati wa kujenga kerneli maalumu ya mfumo endeshi. Mfano mkuu ni Linux kwenye kompyuta za jamii ya x86, na FreeBSD inatumika kwa ulinganisho. Hoja kuu ni kwamba uchaguzi huo huweza kuzaa makosa ya aina mbili. Yapo makosa yenye kelele, ambayo huizuia kompyuta kuwaka na hivyo hugunduliwa siku hiyohiyo. Yapo pia makosa ya kimya, ambayo huiacha kompyuta ikifanya kazi kama kawaida ilhali kinga ya data haipo. Makala yanaonyesha kwamba jitihada za kuepuka kosa la aina ya kwanza zinaweza kuzaa kosa la aina ya pili, na kwamba taasisi zenye kompyuta za vizazi tofauti ndizo zinazokabiliwa zaidi na hatari hiyo. Mwishoni yanatolewa mapendekezo matano kwa watunga sera na wasimamizi wa mifumo.

1.0 Utangulizi

Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimama kati ya programu na maunzi ya kompyuta. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu kwenye kichakataji, kuendesha diski na mitandao, na kuzuia programu moja isisome mali ya nyingine. Katika mifumo ya programu huria, msimbo chanzo wa kerneli hupatikana kwa kila anayeutaka. Kwa sababu hiyo, taasisi inaweza kutumia kerneli iliyokwisha kujengwa na wasambazaji au kujenga yake yenyewe.

Anayejenga kerneli yake hupitia hatua ya usanidi kabla ya msimbo kugeuzwa kuwa amri za mashine. Katika hatua hiyo huulizwa maswali mengi, na miongoni mwa yale ya mwanzo ni yanayohusu kichakataji: ni cha familia ipi, ni cha biti 32 au 64, kina viini vingapi, na kinahitaji kinga zipi. Maswali haya huonekana kuwa ya kifundi tu. Hata hivyo, majibu yake huamua ni kompyuta zipi za taasisi zitakazoendelea kutumika, ni zipi zitakazoachwa nje, na data ya nani itakuwa salama. Kwa maana hiyo, uamuzi unaoachwa mikononi mwa fundi mmoja huwa na uzito wa kisera.

2.0 Maana ya chaguo la familia ya kichakataji

Vichakataji vya x86 vimekuwa vikiongezewa amri mpya kizazi baada ya kizazi. Intel 486 ilileta amri ya CMPXCHG, ambayo hulinganisha na kubadilisha thamani katika kumbukumbu kwa tendo moja. Pentium ilileta CMPXCHG8B, inayofanya kazi hiyo kwa thamani ya biti 64. Pentium Pro ya mwaka 1995 ilileta CMOV, inayohamisha thamani kwa masharti bila kuruka kutoka sehemu moja ya programu kwenda nyingine. Mwaka 2003, AMD ilitoa Opteron, kichakataji cha kwanza cha x86 chenye biti 64. Kila kizazi kipya huelewa amri za kizazi kilichotangulia, lakini kizazi cha zamani hakielewi amri za kile kilichofuata.

Katika Linux, chaguo la familia ya kichakataji huiambia kompaila ni amri zipi inaruhusiwa kutumia. Anayechagua M486 hupata kerneli inayowaka kwenye 486 na vichakataji vilivyofuata. Anayechagua M686 huiruhusu kompaila kutumia CMOV, na kerneli hiyo haitawaka kwenye Pentium ya awali. FreeBSD imekuwa na utaratibu tofauti kidogo. Katika faili lake la usanidi la biti 32, mistari ya I486_CPU, I586_CPU na I686_CPU inaweza kuwekwa kwa pamoja, na mjenzi huondoa ile asiyoihitaji. Kwa biti 64 hutumika mstari mmoja wa HAMMER, jina lililotokana na mradi wa AMD uliozaa vichakataji hivyo.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna kuiruhusu kompaila kutumia amri fulani, na kuna kuiagiza ipange amri zilezile za kawaida kwa mpangilio unaokifaa kichakataji fulani. Jambo la kwanza huweka kizingiti, na kichakataji kisichofikia kizingiti hicho hakiwezi kutumia kerneli. Jambo la pili halimfungii mtu nje; kompyuta ya zamani itawaka, ila huenda isipate mpangilio unaoifaa zaidi. Fundi anayetaka kasi bila kuwaacha wengine nje anapaswa kutafuta jambo la pili.

3.0 Yale ambayo kerneli huyaamua yenyewe

Dhana iliyoenea ni kwamba kerneli iliyojengwa kwa kichakataji mahususi itakuwa na kasi kubwa kuliko kerneli ya jumla, kama nguo iliyopimwa na fundi cherehani inavyomkaa mtu vizuri kuliko ya dukani. Dhana hii ina ukweli, lakini ukweli huo una mipaka kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba amri za kuchakata data nyingi kwa pamoja, kama vile SSE na AVX, ambazo huleta faida kubwa katika hesabu za kisayansi na uchakataji wa picha, hazitumiwi na kompaila inapojenga sehemu za kawaida za kerneli kwa x86. Linux huizuia kompaila kufanya hivyo, kwa sababu kila matumizi ya rejista za amri hizo ndani ya kerneli yangelazimu kuhifadhi na kurejesha hali ya programu iliyokuwa ikiendeshwa. Sehemu chache zinazozihitaji, kama vile usimbaji fiche, huandikwa kwa makusudi na kuzungushiwa taratibu maalumu.

Sababu ya pili ni kwamba kerneli ya jumla hujirekebisha inapowashwa. Hukiuliza kichakataji, kwa amri ya CPUID, kina uwezo gani. Kisha hubadilisha baadhi ya amri zake katika kumbukumbu ili zilingane na uwezo huo. Kichakataji chenye amri za AES hutumiwa kwa njia ya haraka ya usimbaji fiche hata kama kerneli haikujengwa kwa ajili yake pekee. Vivyo hivyo, sehemu inayoshughulikia diski za RAID 6 hupima njia kadhaa za hesabu inapoanza na kuchagua yenye kasi zaidi kwenye mashine hiyo.

Kwa hiyo, chaguo la familia huweka sakafu, lakini dari huwekwa na kerneli yenyewe inapowashwa. Anayeipandisha sakafu bila sababu hupata faida finyu na huwaacha watu nje. Mwelekeo wa Linux yenyewe unathibitisha jambo hili: mwaka 2025 orodha ya familia za awali za biti 64 iliondolewa katika usanidi. Mjenzi alibakiziwa kerneli ya jumla, na katika mwaka huohuo likaongezwa chaguo la kujenga kwa ajili ya mashine ileile inayofanya ujenzi.

4.0 Makosa yenye kelele

Kosa lenye kelele ni lile linaloifanya kompyuta ikatae kuwaka. Historia ya 386 inasaidia kulielewa. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 kwa ajili ya kichakataji hicho. Hata hivyo, 386 haikuwa na CMPXCHG. Zaidi ya hayo, haikuheshimu alama ya kuzuia uandishi kwenye kurasa za kumbukumbu pale ambapo mwandishi alikuwa kerneli yenyewe. Kasoro hizo zililazimu kuwepo kwa msimbo wa ziada uliowasumbua wasanidi wote kwa manufaa ya mashine chache. Msimbo huo uliondolewa, na toleo la 3.8 la Februari 2013 likawa la kwanza kutoitambua 386. Mwaka 2025 Ingo Molnar, mmoja wa wasimamizi wa sehemu ya x86, alitoa mapendekezo ya kupandisha kizingiti tena na kuiacha 486.

Mfano wa pili ni PAE, utaratibu unaokiwezesha kichakataji cha biti 32 kufikia kumbukumbu inayozidi GB 4. Baadhi ya vichakataji vya Pentium M, vilivyotumika katika kompyuta za mkononi miaka ya 2000, havikuutangaza uwezo huo vilipoulizwa kwa CPUID. Kerneli iliyojengwa kwa sharti la PAE ilikataa kuwaka kwenye mashine hizo na kutoa ujumbe kwamba kipengele kinachohitajika hakipo. Mtumiaji alikasirika, lakini alijua tatizo lake ni nini.

Mfano wa tatu ni wa ujenzi unaoilenga mashine ya mjenzi. Fundi akijenga kerneli kwenye seva mpya kwa chaguo hilo, kompaila inaweza kutumia amri zozote za jumla zilizomo katika seva hiyo, ikiwa ni pamoja na zile za kundi la BMI2. Kerneli hiyo ikipelekwa kwenye kompyuta ya zamani, ukaguzi wa mwanzo unaweza kuipitisha, kwa kuwa ukaguzi huo huangalia orodha fupi ya vipengele vya lazima tu. Baada ya hapo kompyuta husimama inapokutana na amri isiyoijua, pengine kabla ya kuonyesha neno lolote kwenye skrini. Hata hivyo, kosa hili nalo hujitangaza kwa namna yake, kwani kompyuta isiyowaka huletwa kwa fundi.

5.0 Makosa ya kimya

Kosa la kimya halimleti mtu kwa fundi. Mfano mwepesi ni idadi ya juu ya vichakataji ambayo kerneli imejengwa kuitambua. Idadi hiyo ikiwekwa 4, kompyuta yenye viini 8 itawaka, itafanya kazi, na itaacha viini vinne bila kazi. Taasisi itakuwa imelipia kompyuta nzima na kutumia nusu yake. Hasara hiyo ni ya fedha na muda, na hurekebishwa kwa urahisi ikigunduliwa.

Mfano mzito ni wa kinga za usalama. Tarehe 3 Januari 2018 zilitangazwa hadharani kasoro za Meltdown na Spectre. Kiini cha tatizo ni kwamba vichakataji vya kisasa hukisia amri zitakazofuata na kuzitekeleza mapema. Makisio yakikosea, matokeo hutupwa, lakini athari zake hubaki katika kumbukumbu ya kati ya kichakataji. Kupitia athari hizo, programu isiyo na ruhusa inaweza kusoma data ya kerneli, yakiwemo maneno ya siri. Meltdown iligusa vichakataji vingi vya Intel vya zaidi ya miaka ishirini, ilhali vya AMD havikuathiriwa nayo. Spectre iligusa vya kampuni zote mbili.

Kinga ya Meltdown katika Linux ni kutenganisha majedwali ya kurasa za kumbukumbu ya kerneli na yale ya programu. Kinga hiyo ni chaguo katika usanidi. Fundi mwenye kompyuta ya AMD anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba haihitaji, na akaiondoa ili kuepuka gharama ya kasi. Kerneli hiyohiyo ikinakiliwa baadaye kwenye kompyuta ya Intel, itawaka bila tatizo. Barua zitaandikwa, kumbukumbu za wagonjwa zitahifadhiwa, mishahara italipwa, na hakuna atakayeona kwamba ukuta umeondolewa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kuiondoa kinga hiyo hakukuwa na faida kwa mwenye AMD, kwa sababu kerneli iliyojengwa nayo hukitambua kichakataji inapowashwa na kuiacha bila kutumika pale isipohitajika.

6.0 Kosa moja linapozaa jingine

Aina hizi mbili za makosa zinahusiana, na uhusiano huo ndio unaopaswa kuzingatiwa zaidi. Ichukuliwe taasisi yenye kompyuta za vizazi vitatu: chache za Pentium M, nyingi za biti 64 za Intel, na seva mpya. Fundi akitaka kerneli moja itakayowaka kila mahali, huchagua kipimo cha chini kabisa: biti 32, bila PAE. Malalamiko ya kompyuta zisizowaka hukoma. Kwa mtazamo wa kawaida, tatizo limetatuliwa.

Hata hivyo, kinga ya Meltdown kwa Linux ya biti 32, ambayo iliingia katika toleo la 4.19 la Oktoba 2018, hutegemea PAE. Pasipo PAE, chaguo la kinga hiyo halipatikani kabisa katika usanidi. Vilevile, alama inayozuia data kutekelezwa kana kwamba ni programu, ijulikanayo kama NX, katika biti 32 huhitaji PAE. Kwa hiyo, kwa ajili ya kompyuta chache za zamani, kompyuta zote za Intel zilizoathiriwa, zikiwemo zile zenye uwezo kamili wa kujilinda, zimevuliwa kinga mbili. Kelele imenyamazishwa, na mahali pake pameingia ukimya ulio hatari zaidi.

Upande wa pili una hatari yake. Baadhi ya wasambazaji wa Linux wameamua kupandisha sakafu. Red Hat Enterprise Linux 9 ya mwaka 2022 huhitaji kiwango kiitwacho x86-64-v2, na toleo la 10 la mwaka 2025 huhitaji v3, ambacho hujumuisha amri za AVX2. Amri hizo zilianza kupatikana katika vichakataji vya Intel vya kizazi cha Haswell, mwaka 2013. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kompyuta yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka huo inafaa. Sivyo. Vichakataji vingi vya bei nafuu vya Celeron na Pentium vilivyotoka baada ya 2013 havikuwa na AVX2. Taasisi inayonunua kwa kuangalia mwaka wa kutengenezwa inaweza kujikuta na kompyuta ambazo umri wake ni mdogo lakini mfumo mpya hauzikubali.

7.0 Athari kwa sera

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humtaka anayehifadhi taarifa binafsi kuchukua hatua za kiufundi za kuzilinda. Kerneli ndiyo msingi wa hatua zote za namna hiyo, kwa kuwa kufuli lililowekwa juu yake halina nguvu ikiwa kerneli yenyewe inaweza kusomwa. Hivyo basi, usanidi wa kerneli si jambo la chumba cha mafundi peke yake. Mambo matano yanapendekezwa.

Kwanza, taasisi iorodheshe kompyuta zake kwa uwezo wa vichakataji, si kwa mwaka wala kwa jina la kampuni. Katika Linux, uwezo huo husomwa kwenye faili la /proc/cpuinfo, katika mstari wa alama za vipengele. Kazi hii ni nyepesi na haihitaji kununua kitu.

Pili, isitafutwe kerneli moja ya kukidhi kila mashine pale ambapo tofauti za vizazi ni kubwa. Kerneli mbili, moja ya biti 64 ya jumla na nyingine ya biti 32 yenye PAE, hukidhi mahitaji ya mahali pengi. Kompyuta isiyokubali hata moja kati ya hizo itengwe na mtandao au ipewe kazi isiyogusa taarifa za watu. Uamuzi wa kuitenga uandikwe na utiwe saini na mwenye mamlaka, badala ya kufanywa kimyakimya kwa kushusha kinga za wote.

Tatu, kinga za usalama zijengwe ndani ya kerneli daima, na kerneli iachiwe kuamua yenyewe inapowashwa kama zinahitajika. Anayetaka kuziondoa kwa ajili ya kasi atoe kipimo kinachoonyesha hasara anayokwepa, na aeleze ni nani atakayebeba hatari.

Nne, hali ya kinga ikaguliwe kwenye kila kompyuta baada ya kuwashwa. Tangu mwanzoni mwa 2018, Linux huonyesha hali hiyo katika saraka ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, ambamo kila kasoro inayojulikana ina faili lake linaloeleza kama kompyuta haijaathiriwa, imekingwa, au iko wazi. Mkaguzi asiye mtaalamu wa kerneli anaweza kufundishwa kulisoma. Ukaguzi huo hulipa kosa la kimya sauti lisilokuwa nayo. Uende sambamba na kusasisha msimbo mdogo wa ndani wa kichakataji unaotolewa na watengenezaji, kwa kuwa baadhi ya kinga huutegemea.

Tano, faili la usanidi lihifadhiwe kama nyaraka nyingine za taasisi, likiambatana na maelezo mafupi ya sababu za kila chaguo lililobadilishwa. Fundi anapohama, hubaki na maarifa yake kichwani. Taasisi isiyo na faili hilo hubaki na kerneli isiyojua ilivyojengwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kuchagua vipengele vya kichakataji ni kuweka sakafu ambayo chini yake kompyuta haziwezi kutumika, na kwamba nafasi ya kupata kasi kwa kuipandisha sakafu hiyo ni finyu, kwa kuwa kerneli ya jumla hujirekebisha yenyewe. Yameonyesha pia kwamba sakafu ikishushwa mno ili kunyamazisha malalamiko, kinga huondoka bila mtu kujua. Kipimo cha usanidi mzuri si idadi ya kompyuta zilizowaka pekee. Ni idadi ya zile zilizowaka zikiwa na kinga zake. Watunga sera wanaouliza swali la kwanza tu hupata jibu la kutia moyo. Wanaouliza na la pili ndio watakaojua kama taarifa za wananchi walizokabidhiwa ziko salama.